Gramu 610: kisa cha majivu ya paka yaliyozidi

Kabla ya yote

Mwenye biashara ameniruhusu niandike, na mama mwenye paka pia, kwa sharti kwamba mtu asijulikane. Kwa hiyo majina hakuna, mtaa nimeuficha, na vitu viwili vitatu visivyo na uzito nimevigeuza. Mimi nilikuwa namsaidia hesabu za kila mwezi, mengine niliyaona kwenye daftari kabla sijayasikia kwa mdomo. Mwenye biashara nitamwita Jamaa. Biashara yenyewe ni kuchoma mizoga ya wanyama wa nyumbani, mbwa na paka hasa, na kumrudishia mwenye mnyama majivu, iko nje kidogo ya mji wa Arusha, na kama unawaza kufungua kitu cha namna hii soma mpaka kwenye bei ya paka maana kosa lilianzia pale.

Biashara ilivyoanza

Jamaa alikuwa msaidizi wa daktari kwenye kliniki ya mifugo kwa miaka 9, na kazi aliyokuwa anaachiwa yeye kila siku ni ile ambayo hakuna aliyeitaka, ya mizoga. Mbwa anachomwa sindano ya mwisho, mwenye mbwa analia, analipa, anaondoka, mzoga unabaki mezani. Anaitwa kijana wa mkokoteni anapewa elfu tano na hamna anayeuliza kautupa wapi. Sasa ile dawa ya kumlaza mnyama, pentobabitali, haiishi nguvu mnyama akifa, inabaki kwenye nyama, mbwa koko au fisi au tai akila mzoga na yeye anaweza kufa. Jamaa hilo alilijua na lilikuwa linamkera.

La pili lililomsukuma ni nyumba za kupanga. Ukipanga Njiro au Sakina siku hizi ua mzima pevingi, utamzika wapi mbwa? Mwenye nyumba akikukuta umeng'oa matofali yake unachimba kaburi la mbwa, mtaongea lugha nyingine.

Basi akachukua akiba yake na mkopo mdogo, fundi mmoja wa Unga Limited akamjengea tanuru la matofali ya kuhimili moto, kichomeo cha dizeli na feni ya kusukuma hewa. Tanuru la kwanza lilikuwa na chumba kimoja tu na hapo ndipo alipokutana na majirani. Moshi mweusi, jengo halina dirisha, magari ya watu wenye hela yanaingia jioni na kutoka na makopo. Ndani ya mwezi mtaa mzima ulishakubaliana kwamba pale ni frimasoni wanachoma watu. Mwenyekiti wa mtaa akaja na wazee, Jamaa akawafungulia kila kitu mpaka friza, wakaondoka wanacheka, ila walimwambia moshi aupunguze. Akaongeza chumba cha pili juu, kazi yake ni kuchoma moshi kabla haujatoka. Ulaya kanuni yao inataka hewa chafu ikae angalau sekunde 2 kwenye nyuzi 850, na sidhani kama tanuru letu hili kuna aliyewahi kulipima kwa ukamilifu huo, lakini bomba lilianza kutoa hewa inayotetemeka tu badala ya moshi na kelele zikaisha.

Kibao nacho kilikuwa na vituko vyake. Cha kwanza kiliandikwa TUNACHOMA WANYAMA. Hapa Arusha! Wiki ya kwanza kuna mtu alisimamisha pikipiki akauliza mbuzi mzima ni bei gani na ndizi zipo? Kikabadilishwa kikawa "Huduma za mwisho kwa wanyama wa nyumbani".

Wateja alidhani watakuwa wazungu. Wazungu walikuja kweli, lakini daftari linasema zaidi ya nusu walikuwa Watanzania.

Alichokuwa anauza

Marekani wenye kazi hii wanatenganisha huduma tatu: mnyama peke yake ndani ya tanuru, wanyama kadhaa pamoja lakini kila mmoja na sehemu yake, na wa jumla ambao majivu hayarudishwi kwa mtu. Jamaa alichukua ya kwanza na ya tatu. Mbwa peke yake 180,000, paka peke yake 95,000, jumla 40,000. Ile ya katikati hakuiuza kabisa, alisema watu hawataielewa. Hilo mlikumbuke.

Mnyama akiungua hageuki unga kama watu wanavyodhani, inabaki mifupa myeupe mikavu inayovunjika kwa vidole. Kwa wenzetu kuna mashine ya kusaga, Jamaa alinunua kinu na mchi soko la Kilombero, akatoa sumaku kwenye spika mbovu, anaipitisha juu ya majivu kunasa vipande vya chuma, halafu anatwanga, anachekecha, anaweka kwenye kopo lenye mfuniko. Majivu yanayobaki ni kama asilimia 3 mpaka 4 ya uzito wa mnyama. Kila mteja alikuwa anamwambia mapema ili asije akaona kopo dogo akafikiri kaibiwa. Kwa paka alikuwa na msemo wake: "Usishangae mama, yatajaa kikombe cha kahawa tu."

Utambulisho ndio ulikuwa mchovu. Mwanzoni alitengeneza vibati vya namba kwa kumpelekea fundi wa masufuria alumini chakavu, kibati kinaingia na mnyama kinatoka na majivu. Wazo zuri, ila alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na tanuru lilikuwa linapita 800 bila shida, cha kwanza kilitoka kikiwa kidonge kama chozi. Badala ya kutafuta chuma kingine akaacha mpango wote, akarudi kwenye seloteipu ya karatasi na kalamu ya wino juu ya mfuko. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema "wanyama wenyewe walikuwa wawili watatu kwa wiki, nani atawachanganya?"

Kilichotokea

Ilikuwa Aprili, masika imekolea. Jumatano jioni mama mmoja alileta paka wa mwanae, paka wa milia, kilo 4.2 kwa mizani ya kliniki, akalipia peke yake. Huyu mama anaoka keki za oda nyumbani kwake. Alitaka majivu ayapeleke Moshi kwao, kwa sababu mtoto alikuwa amekataa katakata paka wake abaki kwenye nyumba ya kupanga.

Usiku huo nguzo ya umeme ilianguka, mtaa mzima giza. Kwenye friza kulikuwa na wanyama watano. Jenereta lipo lakini dogo, linawasha feni ya tanuru au friza, vyote viwili haliwezi, na Jamaa mwenyewe alikuwa Moshi msibani. Kijana wa tanuru Alhamisi nzima akawasha friza akingoja umeme. Ijumaa asubuhi jenereta likagoma kabisa. Umeme ulirudi Ijumaa saa tisa alasiri na kwenye friza barafu ilishayeyuka, mifuko imelowa, wino umetoka kwenye seloteipu, harufu imeanza. Alifungua mfuko mmoja mmoja kuwatambua. Paka walikuwa wawili, mmoja mweusi mmoja wa milia, na rangi ndiyo iliyookoa. Wangekuwa weusi wote sijui tungekuwa tunaandika nini hapa.

Kijana akapiga simu. Jamaa akamwambia waingie wawili wawili, katikati apange matofali. Kijana akauliza, "Hata hawa wa peke yake, bosi?" Jamaa akajibu, "We fanya, tutaona."

Paka wa mama aliingia pamoja na mbwa wa kilo 30 wa mzee mmoja ambaye naye alilipia peke yake. Sasa ndani ya tanuru kuna feni inasukuma hewa, mifupa inapasuka inaanguka, matofali mawili yaliyolazwa hayazuii kitu, na usiku wakati wa kukokota majivu kila kitu kilikuja kwa pamoja. Kijana hakuwa na namna, akatwanga yote, akagawa kwa macho makopo mawili sawasawa. Sumaku hakupitisha, alikuwa amechoka na mizigo mingine inasubiri.

Jumamosi makopo yalipelekwa kwa bodaboda. Jumapili mama alikuwa anapima unga wa oda, kopo liko kabatini pembeni. Aliniambia hakuwa anashuku lolote, alilisogeza tu apate nafasi, na mkono ukamwambia. "Mimi napima unga kila siku, robo kilo naijua bila mizani." Aliambiwa kikombe cha kahawa na hapa kuna kitu kimejaa mpaka mdomoni. Akatandaza karatasi ya kuokea, akamwaga, akaweka kwenye mizani ya keki: gramu 610. Na katikati ya unga ule wa kijivu kulikuwa na kipete cha chuma kilichoungua, cha mkanda wa shingoni. Paka wake hajawahi kuvaa mkanda.

Maamuzi, na kwa nini

Mama akatuma picha ya mizani kwa Wasap bila neno lolote. Jamaa akajibu ndani ya dakika mbili na alichojibu ndicho anachokijutia kuliko vyote: "Pole mama, hayo mengine yatakuwa majivu ya blanketi alilokuja nalo." Hakujipanga kudanganya, aliogopa tu, lakini uongo ni uongo. Mama akatuma picha ya pili, ya kipete. Halafu kimya.

Jioni alinipigia. Tukapiga hesabu: paka wa kilo 4.2 anatoa gramu 130 mpaka 170 hivi, mbwa wa kilo 30 anatoa karibu kilo moja, jumlisha, gawa kwa mbili, unafika 600 na ushee. Hapakuwa na pa kujificha, mizani ya keki ilikuwa imesema kila kitu alichofanya kijana usiku ule.

Nilimshauri aandike meseji ndefu ya kuomba radhi na kurudisha hela. Nilikosea. Mtu aliyenisahihisha ni shangazi yake Jamaa, alisema jambo kama hili halisemwi kwa simu, unakwenda nyumbani kwa mtu, na hauendi peke yako. Jumatatu wakaenda wote wawili. Mama alifungua geti, akamwamkia shangazi "shikamoo mama", Jamaa hakumwangalia. Wakakaribishwa chai. Shangazi ndiye aliyefungua mazungumzo, akasema kijana wake amekosa na amekuja kusema mwenyewe, basi Jamaa akaeleza kila kitu: umeme, simu, matofali, hata lile la blanketi akalikiri. Akaweka bahasha mezani, 95,000 yote.

Mama akasema, "Hela nitachukua. Kwanza niambie, huyo mwingine ni nani?"

"Ni mbwa wa mzee mmoja, mama."

"Na yeye anajua?"

Jamaa akanyamaza. Mama akamwambia hatalisema popote na hataandika chochote, ila huyo mzee aambiwe.

Hakumwambia. Yaani aliahidi pale, akatoka, na zikapita siku 19. Sababu zake nilizisikia zote: mzee ana presha, mzee hajalalamika, mzee ameshayamwaga majivu chini ya mparachichi, kumwambia ni kumuumiza bure. Kila moja ukiisikiliza peke yake ina mantiki, na ndiyo hatari yake.

Matokeo

Mzee aliyasikia kliniki. Kijana alishamsimulia mhudumu wa pale, mhudumu akamwambia daktari, na daktari akadhani mzee anajua akampa pole. Alikuja mwenyewe kwenye tanuru. Suala la kuchanganywa hakulisemea sana. Alichosema ni, "Mama wa paka mmekwenda kwake na shangazi. Mimi mmeniona ni mzee, sitajua?"

Daktari akasitisha kumleta mtu kwa miezi miwili, na kliniki hiyo ndiyo ilikuwa inaleta karibu wote. Machi daftari lina wanyama 17, Mei lina 5. Mkopo haukungoja. Jamaa aliuza pikipiki.

Uchambuzi

Watu niliowasimulia wengi wanaanza na kijana. Kijana nimemwondoa kwenye lawama mapema kabisa, aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi na akajibiwa "tutaona". Umeme nao sio sababu, Arusha umeme unakatika, anayefungua biashara ya friza bila kulipanga hilo amechagua.

Chanzo nakiona kwenye bei ya paka. Kuwasha tanuru la baridi mpaka lishike moto kulikuwa kunakula kama lita 22 za dizeli kwa mnyama wa kwanza, ila wa pili akiingia tanuru lingali jekundu anatumia nusu ya hapo. Weka lita kwa elfu tatu na kitu, paka wa 95,000 kwenye tanuru la baridi anakula karibu elfu sabini ya mafuta peke yake, toa kijana, toa bodaboda, toa kopo, umebakiwa na nini? Bei ilipangwa kwa ukubwa wa mnyama wakati gharama inafuata kama tanuru ni la baridi au la moto. Maana yake kila paka wa peke yake alikuwa anamnong'oneza Jamaa "ngoja nipate mwenzangu". Mara hii kulikuwa na kisingizio cha umeme, lakini kwa hesabu zile siku ingefika tu hata bila nguzo kuanguka.

Halafu lile la huduma ya katikati. Angeiuza waziwazi, kwa bei yake, kila mnyama kwenye treya yake ya chuma yenye kingo na mteja akijua kwamba chembechembe zinaweza kuvukana, Ijumaa ile angekuwa na mahali halali pa kuwaweka wale wanyama. Yeye aliificha kwa kuwa watu hawataelewa, halafu akaifanya kwa siri na kwa matofali. Mama mwenyewe aliniambia angeichukua hiyo, ni rahisi zaidi.

Kuna jambo lilitaka kutupeleka pabaya. Mama aligundua kwa sababu aliambiwa mapema majivu yatakuwa kiasi gani, mzee hakugundua kwa sababu yeye siku ile alihudumiwa na kijana, hakuambiwa kitu, akapokea nusu ya alichostahili na akashukuru. Jamaa somo la kwanza alilolipata ni kwamba aache kuwatajia watu uzito! Tulibishana jioni nzima. Mwishowe akakubali kinyume chake: risiti sasa ina uzito wa mnyama akiingia na uzito wa majivu yakitoka, na anayetaka kwenda kupima kwake akapime.

Vilivyofanya kazi vipo. Kwenda na mtu mzima kulifanya kazi, na sio kwa sababu ya adabu peke yake, mbele ya shangazi Jamaa hakuweza kupunguza maneno. Kufungulia majirani milango mwanzoni nako kulilipa, maana habari zilipovuja mtaa ulikuwa upande wake. Na kuna uamuzi mmoja wa nyuma ambao ndio uliomfanya daktari arudi. Mwaka mmoja kabla, mtu alikuja mbio na mbwa aliyekufa baada ya kumng'ata mtoto wa jirani, anataka achomwe saa hiyo hiyo, na hela ipo mkononi mara mbili. Jamaa alikataa. Kichaa cha mbwa kinapimwa kwenye ubongo, ukishachoma umechoma na ushahidi, na ugonjwa ule dalili zikishaanza mtu haponi. Aliita bwana mifugo, akahakikisha mtoto kidonda kimeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na amepelekwa hospitali kuchomwa chanjo. Daktari aliniambia wazi, "Mtu aliyeikataa hela ile siwezi kusema ni mwizi. Ni mwoga." Mimi naona alimpima sawasawa, mbele ya hatari ya mtu mwingine Jamaa hatetereki, mbele ya aibu yake mwenyewe anayeyuka kama kile kibati.

Ilivyo sasa

Moto unawashwa Jumanne na Ijumaa tu, anayetaka siku nyingine analipia kuwasha tanuru, na imeandikwa ukutani. Paka peke yake sasa ni 130,000, treya 70,000, na walio wengi wanachukua treya. Friza ina jenereta lake.

Vibati vimerudi. Safari hii ni mishikio ya vijiko chakavu vya stenlesi, chuma ambacho kinataka kama nyuzi 1,400 ndiyo kiyeyuke, fundi anaikata na kuigonga namba kwa patasi. Inafungwa mguuni kwa waya mnyama akipokelewa, inaingia naye, inatoka imekuwa nyeusi yenye rangirangi za bluu, inawekwa juu ya majivu ndani ya kopo.

Mama alilipeleka kopo lake Moshi Desemba ile. Bibi yake mtoto aligoma, paka kwenye kihamba, shamba la ukoo wa babu yako? Wakaafikiana pembeni, karibu na mfereji, kopo likazikwa na vyote vilivyokuwemo.

Mzee alikaa kimya mwaka mzima. Juzi mbwa wake wa pili akafa kwa uzee, na yeye akamleta mwenyewe kwenye gari, akasema atakaa aone. Akapewa ndoo aigeuze aikalie. Alikaa pale karibu masaa matatu, koti limefungwa mpaka shingoni, anatazama bomba. Alipokabidhiwa kopo alifungua mfuniko akachukua kijiko, akakifuta majivu kwa kidole akaisoma namba, 63, akatoa risiti mfukoni akalinganisha. Majivu akayaweka kiti cha mbele. Kijiko akakitia kwenye funguo za gari.